Mtoto ana OCD, tumpe dawa au tusubiri? Ninavyoona nikiwa Mtwara

Naanza na sabuni kwasababu sabuni ndio iliyonifungua macho. Mche wa sabuni ambao nyumbani kwetu hapa Magomeni ya Mtwara ulikuwa unakaa wiki na zaidi ukaanza kuisha siku mbili, nikamshuku dada anayetusaidia kazi kwamba anafulia watu wa nje kwa hela, nikamuuliza kwa ukali, na hilo mpaka leo sijajisamehe. Kumbe ni mwanangu wa miaka 10. Anaamka usiku wa manane anaingia bafuni ananawa, anarudi kitandani, anaona bado, anarudi tena. Siku nilipomshika mikono kwenye mwanga ilikuwa imechubuka na kupasuka kwenye vidole kama mikono ya akina mama wanaobangua korosho, yale maji ya ganda yakishaila ngozi. Nikanunua dawa ya fangasi.

Baadae ustadhi wa madrasa akanipigia, mama fulani, huyu binti anatawadha mpaka wenzake wanatoa salamu yeye bado yupo bombani. Shuleni anaandika anafuta anaandika anafuta mpaka karatasi inatoboka. Na maswali, jamani maswali. Mama nimekanyaga kinyesi? Mama sijamtukana Mungu kichwani? Unamjibu hapana mwanangu, anatulia dakika mbili, anauliza tena vile vile. Siku moja nilihesabu kuanzia magharibi mpaka alipolala, mara 43.

Huo ndio ugonjwa wanaouita OCD. Wazo baya linaingia kichwani bila kualikwa, linaleta hofu kali, na mtoto anafanya kitendo fulani ili hofu ishuke, inashuka kidogo alafu inarudi imeongezeka nguvu. Sisi watu wa pwani tuna bahati moja kwenye hili, neno tunalo siku nyingi. Wasiwasi wa udhu, wasiwasi wa nia, mtu anayerudia takbira mara kumi, wazee wanajua hiyo hali, na tangu utotoni tunasoma Sura An-Nas tukiomba kukingwa na huyo mnong'onezaji. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, alishaandika kuhusu wasiwasi kama maradhi ya nafsi ambayo yanatibika. Kwahiyo anayekwambia huu ni ugonjwa wa wazungu umeletwa na simu, mwambie mashehe walishaujua kabla hata Mikindani haijajengwa ngome.

Sasa niende kwenye ishu yenyewe, dawa. Hapa ndipo familia nyingi tunagawanyika. Kwetu mama mkwe alitoka Newala akaja na kombe, yale maji yaliyooshewa aya za Kurani, tukamnywesha, sikukataa na sijutii maana mtoto alifurahi kuona bibi yake anahangaika kwa ajili yake. Shangazi akasema akichezwa unyago atatulia, hizo ni akili za kitoto. Baba yake yeye alisimama kwenye neno moja tu, mwanangu hatakula dawa za vichaa. Na mimi nilikuwa upande wake, nawaambia ukweli, kwasababu kila nikiingia mtandaoni nakutana na stori za dawa hizi kumfanya mtoto ajidhuru.

Nilichokuja kuelewa baada ya miezi mingi ni kwamba tulikuwa tunabishana kuhusu kidonge wakati cha kubishania ni nani atamfuatilia mtoto baada ya kidonge, na tunapata hasara gani kila mwezi tunaosubiri. Kusubiri nako kuna gharama yake. Ndani ya miezi sita tuliyokuwa tunabishana mwanangu alishuka kutoka wa tano darasani mpaka wa thelathini na kitu, aliacha kucheza rede, aliacha kula kwa mkono, na mdogo wake akaanza na yeye kuogopa bafu. Hakuna mtu aliyetuhesabia hayo kama madhara, lakini ni madhara, tena hayana karatasi ya maelekezo ndani ya boksi.

Tuziangalie namba maana zipo. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya watoto 112 wenye OCD wa miaka 7 mpaka 17, waliwafuatilia wiki 12, wakawagawa makundi manne. Waliopata kidonge kisicho na dawa ndani, waliokaribia kupona kabisa ni asilimia 3.6. Waliopata dawa ya sertralini peke yake asilimia 21.4. Waliopata tiba ya tabia peke yake, ile ya kumkabilisha mtoto na hofu yake kidogo kidogo bila kumruhusu afanye kitendo cha kujiliwaza, asilimia 39.3. Waliopata vyote viwili asilimia 53.6. Mtu anasoma hapo anasema basi jibu limepatikana, tiba ya tabia kwanza dawa baadae, na ndivyo hata mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2005 ulivyopanga.

Mimi hapo huwa nasimama kwanza. Ndani ya utafiti ule ule tiba ya tabia haikufanya kazi sawa kila kituo, kituo kimoja ilikuwa na nguvu sana mpaka kuongeza dawa hakukubadilisha kitu cha maana, kituo kingine ilikuwa dhaifu zaidi. Yani ile asilimia 39.3 ni ya tiba iliyotolewa na watu waliofundishwa hasa, kila wiki, kwa mpangilio. Kuna mwingine ulitoka 2011, watoto 124 ambao walishakuwa kwenye dawa lakini hawajakaa sawa. Walioongezewa tiba ya tabia kamili, asilimia 68.6 walipata nafuu ya kueleweka. Walioongezewa maelekezo mafupi tu ya tiba hiyo kutoka kwa daktari wa dawa ni asilimia 34, na walioendelea na dawa peke yake 30. Angalia hapo, maelekezo mafupi yameongeza kidogo mno. Na sisi huku kusini ukiambiwa umepata ushauri nasaha mara nyingi ndio hicho unachopata, dakika kumi, mama mkatazeni asinawe sana, njooni mwezi ujao.

Kwahiyo "tiba kwanza, dawa baadae" ni ushauri mzuri kwa mtu ambaye tiba anaifikia. Kutoka Mtwara mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 550, siku nzima kwenye basi, nauli ya mtu mzima na mtoto, chakula, pa kulala, alafu uifanye kila wiki kwa wiki 12? Mzazi wa Nanyamba au Ruangwa anayesubiri hela ya korosho mpaka mnada ufanyike hawezi, na akiambiwa asubiri tiba kwanza maana yake ameambiwa asubiri tu. Kitu kilichonipa moyo ni kwamba Uingereza walijaribu kuitoa tiba hiyo kwa simu kwa vijana wa miaka 11 mpaka 18, matokeo yakatoka 2014, na haikuwa nyuma ya ile ya kukaa ana kwa ana. Simu tunazo. Sisi tulimpata mwanasaikolojia yuko Dar, tunaongea naye kwa simu ya video kila Jumamosi, mtandao ukisumbua tunarudi kwenye simu ya kawaida, na mtoto ameshamzoea anamwita anti.

Na huku nyumbani msaidizi mkubwa kuliko wote amekuwa ustadhi. Nilienda na kanga yangu kichwani nikamweleza yote, nilidhani ataniambia nimlete asomewe tu, akanisikiliza mpaka mwisho alafu akasema mama, yakini haiondolewi na shaka, hiyo ni kanuni kwenye dini. Ukitawadha una yakini, ikija shaka baadae usiifuate. Akamwambia binti mbele yangu, ukishaosha mara tatu ondoka bombani hata kama moyo unakwambia bado, udhu wako mimi nauhesabu ni sahihi. Nilipomsimulia yule anti wa Dar alishangaa, akasema hicho ndicho ambacho anahangaika kukifundisha, mtoto abaki na ile shaka asiikimbie. Ila ustadhi ilibidi tumwombe kitu kimoja, asiendelee kumhakikishia kila siku, maana binti alishaanza kumfuata kila baada ya swala, ustadhi udhu wangu upo? Kumhakikishia nako kunageuka chakula cha ugonjwa, kama mimi na yale majibu yangu 43.

Kwenye woga wa kujidhuru sitaki kuupita haraka maana ndio uliomfunga baba yake. Oktoba 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa zote za kundi la sonona, na hizi za OCD zimo humo humo, ziwekewe onyo la boksi jeusi. Waliunganisha majaribio 24 yenye watoto na vijana zaidi ya 4,400. Kati ya kila 100 waliopewa dawa, kama 4 walipata mawazo au vitendo vya kutaka kujidhuru, na kati ya 100 waliopewa kidonge kitupu ni kama 2. Hakuna hata mmoja aliyekufa kwenye majaribio hayo. Hatari hiyo ipo, ni ndogo, na inabana zaidi miezi ya mwanzo na siku za kubadilisha dozi. Baba yake alipoielewa hivyo hakusema tena hapana, alisema kama ni hivyo wiki za mwanzo mimi siendi Masasi. Akakaa kweli. Tukawa tunaangalia kama hatulii, kama ana hasira za ghafla, kama halali, kama anaongea kwa kukata tamaa, na namba ya daktari ipo ukutani. Dawa nyingine zote ndani ya nyumba zikaingia kwenye sanduku la kufuli.

Kinachonitisha mimi kuliko hilo onyo ni kitu kilichotupata kabla. Sehemu ya kwanza tuliyoenda, sitaitaja, tuliandikiwa amitriptilini, kidonge kimoja usiku, hakuna aliyetuambia ni ya nini wala turudi lini. Mtoto akawa analala darasani, mdomo mkavu, choo hapati, na kunawa kuko pale pale. Amitriptilini ni dawa halali, ina magonjwa yake, lakini kwa OCD haina ushahidi wa kusimama nao. Zinazofahamika kwa watoto ni sertralini, ambayo Marekani imeruhusiwa kwa OCD kuanzia miaka 6, fluoksetini kuanzia miaka 7, fluvoksamini kuanzia 8, na klomipramini kuanzia 10. Klomipramini ni ya siku nyingi na iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya ugonjwa huu huu, ila mara nyingi haianziwi, maana inagusa mapigo ya moyo, inataka kipimo cha moyo, na mtoto akiimeza nyingi kwa bahati mbaya ni hatari kweli. Kwahiyo mzazi usione aibu kuuliza jina la dawa, inaandikwaje, na inatibu nini. Ukijibiwa "ya kumtuliza" rudisha swali tena.

Na kwa huku kwetu kuna swali ambalo daktari wa mbali anaweza asilifikirie, malaria. Mtoto wa Mtwara au Lindi atakunywa mseto, leo au kesho. Ndani ya mseto kuna lumefantrini ambayo inazuia ini kuvunja klomipramini na amitriptilini, zinaweza kujaa kwenye damu, na pande zote hizo zinagusa moyo. Simaanishi mtu aache kutibu malaria, hapana, malaria inaua. Namaanisha kila unapoingia zahanati na homa ya mtoto taja dawa nyingine anayotumia, hata usipoulizwa, na mpigie daktari wake. Mimi nimeandika jina la dawa na dozi kwenye jalada la daftari lake la kliniki kwa kalamu nyekundu.

Jambo lingine ni barabara. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita, mvua ikakata barabara ya Lindi kwenda Dar kule Somanga, magari yakalala njiani. Dawa hizi huwezi kuziacha ghafla, sertralini ukiikata mtoto anapata kizunguzungu, kichefuchefu, hasira, ndoto mbaya, alafu familia inasema mnaona, amekuwa mlevi wa dawa. Hajawa mlevi, mwili umeshtuka tu. Fluoksetini inakaa mwilini wiki kadhaa, kwahiyo ikikosekana siku mbili tatu haileti kishindo hicho, na kwa mtu anayeishi mwisho wa barabara kama sisi hiyo ni sababu nzuri kabisa ya kuizungumza na daktari, japo kwenye vitabu vya huko nje huwezi kuikuta imeandikwa hivyo. Usumbufu wake ni kwamba kapsuli nyingi ni za miligramu 20 na mtoto huanzishwa na 10, kwahiyo uliza kwanza mfamasia kama ipo ya kiwango hicho, usijigawie mwenyewe mezani. Sisi daktari alichagua sertralini, miligramu 25 kwa kuanzia, tunahakikisha muda wote kuna akiba ya mwezi mmoja ndani.

Alafu uvumilivu. Hapa wengi wanaangukia. Dawa ya OCD haifanyi kazi kama Panadol, inataka wiki 8 mpaka 12, tena kwenye dozi iliyopandishwa taratibu mpaka inafika panapotakiwa, na mara nyingi OCD inataka dozi ya juu kuliko sonona. Madhara yanakuja kwanza, tumbo, kichwa, usingizi, na nafuu inakuja baadae, kwahiyo wiki ya tatu mzazi anaona hasara tupu anaacha. Watu wa mikorosho mnalijua hili, ukipiga dawa ya salfa mara moja mwezi wa sita alafu ukaona ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe kwenye mikorosho, bado upo ukaacha, huwezi kusema salfa haifanyi kazi, hukuzimaliza raundi. Lakini na kinyume chake ni kweli, mtoto asikae mwaka mzima kwenye dawa isiyomsaidia kwa sababu tu hakuna aliyeandika tarehe ya kuangalia. Kabla ya kidonge cha kwanza sisi tuliandika vitu vitatu kwenye daftari: dakika anazokaa bafuni, siku mche wa sabuni unazokaa, na mara ngapi ananiuliza lile swali. Daktari ana kipimo chake cha maswali kinachoanzia 0 mpaka 40, akatupa alama yetu, 29, akaandika tarehe ya wiki ya 12 kwamba siku hiyo tunaamua, tunaendelea, tunapandisha, au tunabadilisha. Ile tarehe ndiyo iliyomfanya mume wangu asaini moyoni. Aliniambia, kumbe tunajaribu.

Wazazi wananiuliza sana, mimi wangu nimpe au nisimpe? Siwezi kujibu kwa mtoto nisiyemjua, ila naweza kusema mimi ningepima vipi. Kama mtoto anasoma, anacheza, analala, na wasiwasi unamla dakika 20 au 30 kwa siku, ningeanza na tiba ya simu na kuacha kumhakikishia nyumbani, nijipe miezi mitatu, niangalie daftari. Kama wasiwasi unamla masaa, ameacha kula au kwenda shule au halali, au anasema bora nife, huyo nisingemwambia asubiri mwanasaikolojia apatikane, ningeenda hospitali wiki hiyo hiyo, Ligula au ya kanda pale Mitengo, kwa watu wa Lindi Sokoine, kwa wa huku ndani Ndanda au Nyangao, nikaulize kitengo cha afya ya akili, dawa ianze na tiba itafutwe huku dawa inaendelea. Na kama imeanza ghafla kabisa, jana mzima leo hivi, hasa baada ya kuumwa koo, hilo mwambie daktari kabla ya yote.

Mtoto mwenyewe aambiwe. Sisi mwanzoni tulitaka kumdanganya ni vitamini, anti wa Dar akakataa kabisa, akasema mtoto ambaye ugonjwa wake ni kutoamini, ukimdanganya kwenye kidonge umempa sababu. Tukamwambia ni dawa ya kupunguza sauti ya wasiwasi ili yeye apate nguvu ya kuukatalia. Akauliza, itaniondolea na Mungu? Nililia. Tukampeleka kwa ustadhi, akamjibu vizuri kuliko ambavyo mimi ningeweza.

Tulianza mwezi wa tatu. Wiki mbili za kwanza tumbo lilimsumbua na usingizi ukakatika, daktari akahamishia dozi asubuhi ikapungua. Mpaka wiki ya sita sikuona kitu nikawa nalia jikoni. Wiki ya tisa mche wa sabuni ulikaa siku tano. Wiki ya 12 alama ilikuwa 18, daktari akapandisha dozi, na sasa hivi msimu wa korosho unaanza ipo 11. Bafuni alikuwa anakaa saa na dakika kumi, saivi dakika 15. Bado ananawa kuliko wenzake, bado kuna siku mbaya, wiki iliyopita kabla ya majaribio ya darasa la nne ilirudi siku tatu mfululizo, na kwenye siku hizo ile kazi ya Jumamosi ndiyo iliyomshika, aliniambia mama leo nitakaa nayo hiyo shaka, usinijibu. Nikakaa kimya, na kukaa kimya kwangu ilikuwa ngumu kuliko kumpa kidonge.

Watu wanauliza atakula mpaka lini. Daktari anasema akishakaa sawa tuhesabu kama miezi 12 ndipo tupunguze, kidogo kidogo, kwa miezi, tena wakati ambao hakuna mtihani wala kuhama nyumba wala msiba. Tulikaa watatu na kalenda mezani, mimi nikasema Desemba mwakani, baba yake akasema mwezi wa tisa. Binti ndiye aliyeweka kidole kwenye likizo ya Juni mwaka unaofuata, akasema niwe Newala kwa bibi, kule maji ni ya shida siwezi kunawa sana hata nikitaka. Tukapiga duara kwa kalamu nyekundu.